Kumi Iliyoandikwa Tisa

Kila neno humu ni kweli tupu. Naapa kwa pensheni yangu, ambayo ni ndogo lakini sina nyingine, na kwa miaka thelathini na mmoja niliyoendesha tramu mjini Lviv bila kumkanyaga hata paka. Likipatikana neno moja la uongo, nitawanunulia bia wakazi wote wa ngazi yetu, ghorofa ya chini hadi ya tano, pamoja na yule fundi rangi wa ghorofa ya nne anayekunywa kwa niaba ya watu watatu.

Basi. Yote yalianza na jaketi.

Orysia Hnativ wa ghorofa ya tatu alirudi kutoka mashindano ya upinde ya Antalya, Uturuki, usiku wa Jumapili, baada ya kukaa saa kumi na nne kwenye viti vya uwanja wa ndege wa Istanbul, kwa sababu shirikisho la mchezo huo lilimkatia tiketi iliyokuwa duni kuliko zote. Viongozi wanne waliofuatana naye walirudi moja kwa moja. Lakini alirudi na nafasi. Kule Antalya aliwatoa Mtaliano, Mjojia na msichana mmoja wa Denmark mrefu kama nguzo ya taa, na kwa kumtoa huyo wa tatu akaipatia Ukraine nafasi ya mpiga upinde mmoja wa kike katika Michezo Mikubwa ya kiangazi. Mmoja tu. Jumatatu ngazi nzima ilipanda kwake na keki. Jumanne asubuhi simu ikalia: shirikisho linataka jaketi lake.

"Wanataka nini?" aliuliza mama yake, Pani Stefa, yaani Bi Stefa, ambaye ni mpishi wa shule na husikia vizuri sana ila asipotaka kuamini.

"Jaketi la timu, Mama. Lifuliwe, lipigwe pasi, lirudishwe kabla ya Ijumaa."

"Si walikupa?"

"Waliniazima. Niliweka saini."

"Na suruali?"

"Suruali sikupewa. Nilivaa ile nyeusi yangu."

Pani Stefa alilitazama jaketi lililokuwa limeangikwa mlangoni, na jina la nchi limeenea mgongoni kwa herufi kubwa. "Kwa hiyo juu ulikuwa Ukraine," alisema. "Kuanzia kiunoni kwenda chini ulikuwa wa mama yako."

Akalitia kwenye beseni. Alipokuwa akilisugua akagundua zipu haina meno mawili, na Orysia akamwambia ilikuwa hivyo tangu alipokabidhiwa; kule Antalya alikuwa akiifunga kwa pini. Pani Stefa akafungua kikopo cha nyuzi. Uzi mweupe ulikuwa umekwisha, akachukua wa kijani uliobaki kwenye mapazia, akakaa karibu na jiko akashona zipu ile kwa mishono midogomidogo, kana kwamba jaketi lilikuwa linaenda kuolewa.

"Kijani kitaonekana," alisema Orysia.

"Nani atachungulia ndani ya zipu? Mwache aliyeiharibu aone aibu."

*

Katibu wa shirikisho alichungulia ndani ya zipu. Alilitandaza jaketi mezani, akavaa miwani, akapitisha kidole kwenye kila mshono huku Orysia amesimama mbele yake kama mtoto aliyevunja kioo.

"Hapa kuna doa."

"Ni chai. Ya kwenye ndege. Limefuliwa mara mbili."

"Na zipu imetengenezwa kienyeji." Katibu aliandika hivyo hivyo kwenye daftari, *kienyeji*, akaligeuza daftari. "Saini hapa."

Orysia akasaini. Ndipo mlango wa ndani ulipofunguka akatoka makamu mwenyekiti, Rostyslav Pavlovych, mtu mwenye sauti laini kama siagi iliyosahauliwa karibu na jiko. Alimshika Orysia mikono yote miwili.

"Hongera, binti yangu. Nchi inakushukuru. Sasa kuna kajambo kadogo. Ile nafasi, unajua, si ya mtu. Ni ya nchi."

"Najua, Rostyslav Pavlovych."

"Kanuni ya dunia nzima, si yangu mimi. Anayeipata anaipatia nchi, halafu nchi inaamua nani aende. Kwa hiyo tutafanya mchujo. Jumamosi hii, kwenye uwanja wenu hapohapo, usije ukasema umeonewa. Mishale sabini na miwili. Mwenye alama nyingi aende. Haki kwa wote."

"Wote ni akina nani? Mimi ndiye niliyekuwa Antalya. Wengine walikuwa wapi?"

"Wengine walikuwa wanajiandaa."

Hao wengine walikuwa mmoja. Eleonora, mtoto wa dada wa makamu mwenyekiti, umri miaka kumi na tisa, ambaye wakati wa Antalya alikuwa na mafua, na ambaye kabla ya mafua alikuwa amekaa miezi mitatu Korea akifundishwa kwa gharama ya shirikisho. Orysia ana miaka thelathini na mmoja. Michezo hiyo hurudi kila baada ya miaka minne, na upinde hauwajali wanaosubiri: bega lake la kulia lilikuwa limeshaanza kumwambia mambo asubuhi.

"Nikikataa kushiriki?" aliuliza.

"Basi utakuwa umeikataa nchi," alisema makamu mwenyekiti kwa upole, na akamwachia mikono.

*

Uwanja wetu uko nyuma ya maghala ya reli. Kuna kibanda kirefu cha matofali chenye madirisha upande mmoja. Kuanzia Novemba hadi Machi wapiga upinde husimama ndani ya kibanda, hufungua dirisha, na kupiga nje. Shabaha iko mita sabini kwenye theluji, na mpigaji yuko ndani karibu na jiko. Huko kwingine wana kumbi. Sisi tuna dirisha. Kuni kila mtu huja nazo mwenyewe, na wiki ile Orysia alikuja na miguu ya meza.

"Meza ya nani?" aliuliza kocha wake, Markiyan Yosypovych.

"Yetu. Ilikuwa inayumba."

"Mama yako atakuua."

"Ndiye aliyeikata."

Alipiga mishale mia tatu kwa siku. Mkono wa juu wa upinde wake ulikuwa na ufa uliojazwa gundi, na ugwe alikuwa ameusokota mwenyewe jikoni, amefunga ncha moja kwenye kitasa cha mlango. Wakati wa kuifuata mishale, alikuwapo mzee mmoja wa uwanja, mtu mwenye heshima zake na sura nzuri kwa umri wake, ambaye hushindilia majani kwenye shabaha na kubandika karatasi mpya. Mzee huyu alimpenda Orysia kama mtoto wake. Alimjua tangu akiwa na miaka kumi, upinde ukimzidi kimo.

"Utamchanachana yule mtoto," mzee alimwambia.

"Sitaki kumchanachana mtu, babu. Nataka niachwe na changu."

*

Jumamosi kulikuwa na upepo wa pembeni na baridi iliyokuwa ikigandisha matusi kabla hayajatoka mdomoni. Upigaji ulikuwa nje, kibandani hapana, kwa vile huo ulikuwa mchujo rasmi. Viongozi walikaa chini ya turubai na birika la chai. Wapigaji walikuwa sita, lakini wanne walikuja kujaza mstari, na walilijua hilo, maana walishabeba soseji za kuchoma baadaye.

Orysia na Eleonora walipangiwa shabaha moja. Eleonora alikuja akitazama chini. Alikuwa amevaa jaketi la timu, limefungwa hadi shingoni, na kwenye zipu, chini kidogo ya kidevu, Orysia akaona uzi wa kijani.

Akatoa mshale. Lakini hasira ni kitu kibaya kwa mpiga upinde. Huingia kwenye vidole. Mishale sita ya kwanza ilitawanyika kama kuku waliotupiwa jiwe. Markiyan Yosypovych alimsogelea nyuma ya mstari.

"Unapiga nini?"

"Shabaha."

"Unapiga zipu. Mama yako aliishona ili ifunge vizuri, na inafunga vizuri. Sasa tazama njano, ile ya katikati."

Akatazama njano. Kuanzia hapo alipiga kama alivyopiga Antalya, polepole, ugwe ukigusa kidevu palepale kila mara. Saa sita alikuwa nyuma kwa alama saba. Saa saba, nne. Eleonora alikuwa na upinde mpya na mafunzo ya Korea, na kusema haki, alikuwa akipiga vizuri. Ila kila baada ya mishale sita alitazama kule kwenye turubai, kuona uso wa mjomba wake.

Ikabaki mishale sita. Walipoipiga wakatembea pamoja mita sabini hadi kwenye shabaha, kila mmoja ameshika kadi ya mwenzake, kwa sababu ndivyo inavyofanywa: mimi nakuandikia wewe, wewe unaniandikia mimi, na hakuna anayegusa mshale mpaka yote iandikwe. Nyuma yao alitembea yule mzee wa uwanja, na nyundo yake na pini za karatasi.

Mishale mitano ya Orysia haikuwa na ubishi. Wa sita ulisimama kwenye njano, ubavu wake umelala kwenye mstari mwembamba unaotenga tisa na kumi. Mshale ukiugusa mstari hupewa alama ya juu. Kwa kumi, Orysia alikuwa ameshinda kwa alama moja. Kwa tisa walilingana, na wakilingana hutazamwa nani amepiga kumi nyingi zaidi. Huyo alikuwa Eleonora.

"Kumi," alisema Orysia.

Eleonora alitazama kule kwenye turubai. "Tisa."

"Sogea uangalie. Unagusa."

"Mimi naona tisa, Pani Orysia."

"Basi tumwite mwamuzi." Orysia akageuka, akainua mkono. Mwamuzi alikuwa mbali, kwenye shabaha ya mwisho, akaanza kuja akipapasa mfuko kutafuta lenzi. Aliposikia mlio wa mshale ukichomolewa, Orysia aligeuka tena. Eleonora alikuwa ameushika mkononi.

"Nilidhani tumeshaandika," alisema msichana. Midomo yake ilikuwa myeupe.

Mwamuzi alifika, na makamu mwenyekiti akafika hatua mbili nyuma yake, na kikombe chake cha chai. Lenzi haikuwa na la kutazama tena. Tundu la karatasi hujifumba mshale ukitoka.

"Kadi inasema tisa," alisema mwamuzi. "Msaini."

Hapo ndipo yule mzee wa uwanja alipotupa nyundo chini. "Hakuna anayesaini," alisema, na sauti yake ilifika kituo cha reli, hata treni ya Krakow ikachelewa kuondoka dakika nne. "Nilikuwa karibu kama shubiri moja. Mshale uligusa. Ni kumi, na wewe Rostyslav Pavlovych unajua ni kumi, na huyu mtoto umemharibu kwa mikono yako." Makamu mwenyekiti alimwaga chai kwenye viatu. Mwamuzi alitetemeka, akafuta tisa, akaandika kumi. Wapigaji wanne wakaacha soseji zao wakapiga makofi. Eleonora mwenyewe, akilia, akavua jaketi, na mzee akalichukua, akalikung'uta, akamvalisha Orysia, akaifunga ile zipu ya kijani hadi…

*

"Endelea, Pan Zenko," ilisema sauti nyuma yangu. "Nataka kusikia nilivyopendeza."

Ilikuwa Alhamisi, siku tano baada ya mchujo. Nilikuwa kwenye benchi la uani, na daftari langu, nikiwasomea majirani, nao walikuwa wametulia vizuri sana. Fundi rangi alikuwa ameshapangusa jicho. Walichokijua wao ni kwamba Orysia alirudi Jumamosi akafunga mlango. Sasa alikuwa amesimama nyuma ya benchi na mfuko wa viazi, amevaa sweta lake la zamani.

"Kama nimeshinda," aliuliza, "jaketi liko wapi?"

Watu walinitazama mimi.

"Na huyo mzee wa uwanja," alisema. "Mtu shujaa hivyo, mbona hukumpa jina?"

Dirisha la ghorofa ya tatu lilikuwa wazi. "Jina analo," alisema Pani Stefa kutoka juu. "Anaitwa Zenoviy, nyie mnamwita Zenko, anakaa ghorofa ya pili, na ana sufuria yangu tangu Krismasi."

Ni hivyo. Nilipoacha tramu nilipewa funguo za uwanja, na kwa funguo hizo kuna kijimshahara kinachonifikisha mwisho wa mwezi. Mzee wa uwanja ni mimi. Yote niliyoandika hadi mshale kuchomolewa ni kweli. Pale mwamuzi aliposema "msaini" ndipo kalamu yangu ilipoacha njia.

Ilivyokuwa ni hivi. Nyundo ilibaki mkononi mwangu. Orysia alinigeukia akasema, "Babu, ulikuwa hapa. Ngapi?" Rostyslav Pavlovych naye akanitazama. Hakukunja uso. Alizitazama tu funguo kwenye mkanda wangu, akanywa chai.

"Macho yangu, binti," nilisema. "Sikuona vizuri."

Macho haya ndiyo niliyoonea namba ya tramu iliyokuwa ikitoka kwenye kona, mvua ikinyesha, miaka thelathini na mmoja.

Mwamuzi akamwambia kwamba kadi isiyo na saini huhesabiwa haipo, na alama zake zote zitakuwa sifuri. Orysia akachukua kalamu. Eleonora alikuwa akilia ndani ya ukosi wa jaketi, na hakuna aliyemwambia alivue. Halafu Orysia akasaini. Alinipita akienda kuchukua upinde wake, na hakunisemesha. Ningependa angenitukana.

Pale benchini hakuna aliyecheka. Fundi rangi alisema polepole, "Zenko, sisi tulikuwa tunakupigia makofi wewe?"

"Njoo juu," alisema Orysia.

*

Jikoni kwao hakukuwa na meza. Walikuwa wameweka ubao juu ya viti viwili, na juu ya ubao kulikuwa na karatasi ya rufaa, imeandikwa kwa mwandiko wa Markiyan Yosypovych. Ilitakiwa ifike shirikisho Ijumaa saa sita mchana. Kulikuwa na maelezo ya Orysia, na chini yake nafasi tupu: shahidi asiye wa familia wala kocha.

"Kocha anasema haitafaa kitu," alisema Orysia. "Kadi nimesaini. Kadi ikishasainiwa haifunguliwi. Lakini nataka iwe imeandikwa mahali, kwa jina la mtu aliyeona. Sitaki nizeeke nikiwaambia watu *uligusa, uligusa*, kama kichaa."

"Watamnyang'anya funguo," alisema Pani Stefa. Alinimiminia borshi, akaweka sahani mbele yangu kwa kishindo. "Kula kwanza. Usije ukasema baadaye tulikusainisha na njaa."

Nilikula. Sijawahi kula supu ikakaa kifuani namna ile. Nilitaka kuwaambia kuhusu pensheni, dawa za shinikizo la damu, bei ya gesi. Niliwaangalia: mmoja amesimama kwa miguu miaka ishirini kwenye jiko la shule, mwingine amelala Istanbul kwenye kiti cha chuma ili Rostyslav Pavlovych apande ndege ya moja kwa moja. Nikasogeza sahani, nikachukua kalamu.

Nikaandika: Mimi, Zenoviy Kushnir, nilikuwa nimesimama karibu na shabaha. Mshale ulikuwa unagusa mstari. Ulichomolewa kabla mwamuzi hajafika. Nilipoulizwa nilisema uongo kwa kuwa niliogopa. Alama ni 10.

"Kwa maneno pia," alisema Orysia. "Kama kwenye kadi."

*Kumi*, niliandika. Nikasaini.

Aliisoma mara mbili, akaikunja, akaitia ndani ya bahasha. Hakunishukuru, na sikuwa na la kushukuriwa.

"Haya," alisema Pani Stefa. "Sasa bia. Nilisikia kiapo chako dirishani. Na sufuria yangu."

Nililipa. Ngazi nzima ilikunywa, ghorofa ya chini hadi ya tano, na fundi rangi alikunywa kwa niaba ya watu wanne maana alisema wa nne ni mimi. Jibu la rufaa lilikuja baada ya wiki tatu, mistari miwili: kadi ina saini ya mpigaji, suala limefungwa. Eleonora alikwenda. Alitolewa raundi ya kwanza, na magazeti yakaandika kwamba alikuwa na mafua.

Mimi walinipigia mapema kuliko hapo, Jumatatu baada ya rufaa kufika, nipeleke funguo ofisini kesho yake saa tatu. Kwa hiyo saa moja asubuhi nilikuwa bado ninazo. Orysia alikuja na upinde mgongoni na mguu wa nne wa ile meza kwapani. Nilimfungulia geti, nikawasha jiko, nikafungua dirisha. Halafu nikatembea mita sabini kwenye theluji kubandika karatasi mpya, nikasimama pembeni ya shabaha, mahali pale pale nilipokuwa siku ya mchujo, nikamwambia apige.